Samaki wa Maman Imakulata

Nakumbuka asubuhi moja ambayo nimejaribu sana kuisahau. Niliingia nyumbani kwa Maman Imakulata, chini kule Cyangugu ya zamani karibu na ziwa Kivu, nikakuta samaki wake ameelea ubavu juu ya maji, na jicho lake moja linatazama mlango niliotokea.

Mwanangu, umeniuliza kama ninaweza kukutengenezea tangi la kioo kwa ajili ya sebule yako mpya. Umesema hutaki wale samaki wadogo wekundu wanaotosheka na makombo ya mkate. Unataka samaki wa Tanganyika, wale wagumu kufuga, wenye maji yao, chakula chao na saa zao. Nikakaa kimya, ukadhani sijasikia. Nilisikia vizuri sana, masikio yangu ndiyo kitu pekee ambacho uzee haujanipokonya. Vuta kiti. Nimekata vioo maisha yangu yote katika mji huu, na tangi la samaki nimetengeneza moja tu. Ukijua habari za hilo moja, ndipo uniulize tena.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nikifanya kazi kwa baba yangu mdogo, Mzee Rajabu, pale Kamembe. Ukoo wetu ni wa Waislamu mafundi: wengine walishona, wengine walichomelea vyuma, sisi tulikata vioo. Baada ya ile miaka mibaya karibu kila dirisha la mji lilikuwa limevunjwa, kwa hiyo kazi ilikuwa tele. Kila mtu alinihitaji, nami nikajiona fundi mkubwa. Kichwa kilivimba, sikufichi.

Maman Imakulata hakuwa mtu wa hapa. Alikuwa Mnyarwanda aliyezaliwa na kukulia Uvira, upande wa Kongo, akavuka kuja kwetu wakati wa vita ya kwanza ya kule. Mizigo yake ilikuwa miwili: begi la nguo, na ndoo ya plastiki yenye mfuniko uliotobolewa matundu. Wengine walivuka na magodoro, sufuria, mbuzi. Yeye alivuka na samaki hai.

Mumewe, Papa Anselmi, alikuwa mzamiaji. Aliwakamata samaki wa ziwa Tanganyika kwa ajili ya tajiri mmoja wa Bujumbura aliyewasafirisha kwa ndege hadi Ulaya. Ni samaki ambao wavuvi wa kule wanawakaanga na kula na ugali, lakini Wazungu wanawawekea taa na mawe na kuwatazama. Huyu mmoja Papa Anselmi alikataa kumuuza, akamfuga nyumbani. Alikuwa na urefu wa kiganja na nusu, mwili wa buluu iliyofifia, mistari sita myeusi, na paji la uso lililovimba kama la mzee mwenye mawazo. Pezi la mkia lilikuwa na pengo upande wa juu, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Aina ile hukaa vilindini, huenda polepole, na huishi miaka mingi, hata ishirini.

Siku vita ilipofika Uvira, Papa Anselmi alimtanguliza mkewe, yeye akabaki kumtafuta mama yake milimani. Maneno aliyomwachia, Maman alinirudia mara nyingi mpaka nikayajua kama dua.

“Imakulata, uchunge uyu samaki. Kama iko muzima, ujue na mie niko muzima, uningoje. Siku atakufa, usiningoje tena. Unilie, kisha uendelee na maisha yako.”

Labda alisema kwa utani, vile watu wanavyotaniana wasije wakalia. Lakini mkewe aliyashika kama kiapo, na hakuna barua wala mtu aliyekuja baadaye kusema vingine.

Basi alikuja dukani kwetu akataka tangi. Nililitengeneza kwa vioo vya kabati la duka lililoporwa, vioo vinene vizuri, nikaunga kwa gundi ya mafundi, nikalipeleka nyumbani kwake. Alikuwa amepanga chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ziwa, na ng'ambo ya pili unaiona Bukavu. Aliponiona nina mikono mitulivu, akaniomba nimsaidie kumtunza samaki, kwa kuwa yeye mwenyewe mgongo ulimsumbua na hakuweza kubeba ndoo kutoka ziwani.

Utunzaji wenyewe ulikuwa kazi, mwanangu. Maji yabadilishwe kidogo kidogo, kila siku ya nne, na yawe ya ziwa. Papa Anselmi alimsisitizia mkewe hilo walipoagana: maji ya Kivu yana uchungu wa chumvi kama ya kwao, lakini ya bomba yana dawa, na dawa inamuua. Maji yaletwe asubuhi, yakae mpaka kesho yake, ndipo yamiminwe. Kipampu cha hewa kisizimike. Umeme ukikatika, kiungwe kwenye betri ya gari. Chakula chake sambaza, wale dagaa wa Kivu, wabichi waliokatwa vipande, asubuhi sana, na asilishwe na mtu mwenye mafuta mikononi.

Sasa nisikilize hapa. Wewe hukuwepo, lakini unajua ziwa lile lilipokea maiti wangapi miaka ile. Watu wengi wa pwani hii hawakutaka samaki wa Kivu, hata wale waliokuwa na njaa. Mzee Rajabu alikuwa mmoja wao. Akiwaona sambaza sokoni aligeuza uso. Maman Imakulata naye hakuwatia mdomoni, aliwanunua kwa ajili ya samaki wake tu, akawakata akiwa ametazama pembeni. Samaki akala, akanenepa, paji lake likazidi kukua.

Chumba kile kilikuwa na ukimya ambao sijaukuta mahali pengine. Kipampu kinanguruma chini chini, dirisha limefunikwa kitenge ili jua lisimkere, na samaki amesimama. Hakuogelea ovyo kama samaki wengine. Alisimama kwenye kona ya kushoto, uso kuelekea mlango, saa nzima. Maman akiongea, aligeuka polepole kufuata sauti yake. Wageni waliokuja kumsalimu walijikuta wananong'ona, na hakuna aliyewaomba wanong'one.

“Anangoja,” Maman aliniambia. “Sawa na mie.”

Miaka miwili ikapita hivyo. Vita ya pili ya Kongo ikaanza, mchana tunasikia mizinga ng'ambo. Siku moja akapata habari kwamba kuna watu wa Uvira wamefika Bukavu, waliowahi kumwona mumewe. Akajifunga kitenge, akavuka daraja la Rusizi kwenda kuwatafuta. Alisema atakaa siku tatu. Ufunguo akaniachia mimi.

“Yasini, mutoto yangu, uyu ni amana. Nakuachia maisha yangu yote mu ile kioo.”

Nikacheka nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Siku ya pili ilikuwa siku ya maji. Nilishuka ufukweni na ndoo zangu. Wiki ile wavuvi wa Nkanka walikuwa wamevuta wavu wakakuta ndani yake mifupa, na habari ilikuwa imeenea mji mzima. Nilisimama pale na ndoo mkononi. Ziwa lilikuwa limetulia, limenyooka, jua la saa nne linawaka. Nikainama kuchota, nikaona kitu cheupe chini, kati ya mawe. Lilikuwa gamba, au kipande cha sahani, sijui. Sikukaa kutazama. Nilirudi mbio na ndoo tupu, na njiani nikajiambia kwamba nimechelewa, nina madirisha ya kufunga parokiani, na maji ni maji. Nikajaza ndoo bombani, nikazimimina zote mbili kwa pamoja ndani ya tangi, nikaenda zangu kazini. Hofu niliyokuwa nayo ingesameheka. Kilichonimaliza ni kwamba niliona haya kukiri kuwa nimeogopa.

Kesho yake ndiyo ile asubuhi niliyokutajia.

Nilimtoa kwa mikono miwili. Alikuwa bado laini. Nikakaa sakafuni nimempakata, nikasikia kipampu kinanguruma katika maji yasiyo na mtu. Nimesema mtu, umenisikia. Ndivyo nilivyohisi.

Ningeweza kumsubiri mwenyewe arudi nikamwambia. Siku moja tu ya kusubiri. Badala yake nilimfunga samaki kwenye gazeti nikampeleka nyumbani kwa Mzee Rajabu. Nilifikiri hivi: samaki hachinjwi, kufa kwake si haramu, kumtupa ni kufuru kwa riziki. Kijana akitaka kuficha jambo hujua dini ghafla. Nikawaambia watu wa nyumbani ni samaki wa Burundi, ameletwa na jamaa yangu kupitia mpaka wa Ruhwa. Wakamkaanga kwa mawese na kitunguu. Mzee Rajabu, aliyekuwa na miaka kadhaa bila kugusa samaki, alifurahi kama mtoto. Alisema nyama yake ni nyeupe na tamu kuliko kuku. Nilikula nao. Nililamba vidole, mwanangu. Hata leo ulimi wangu unaikumbuka ladha ile, na naona haya kwamba unaikumbuka kwa uzuri.

Nilikuwa na siku moja na nusu. Nikapanda gari la mizigo hadi Bugarama, nikavuka Ruhwa, nikafika Bujumbura roho mkononi, kwa sababu barabara ile nayo ilikuwa na vita vyake. Ufukweni nikawakuta wavuvi wakivuta nyavu za vilindini. Walikuwa na samaki wa aina ile watatu, wawili wamekufa, mmoja anahema tumbo limevimba hewa. Mvuvi mmoja alimtoboa ubavuni kwa sindano, hewa ikatoka na mlio mdogo, samaki akanyooka.

“Huyu tungemla,” akaniambia, akinishangaa.

Mpakani askari akafungua ndoo yangu, akauliza kama ni wa kula. Nikasema ndiyo, wa kula.

Sikulala usingizi wa maana mpaka nilipomtia tangini, safari hii katika maji ya ziwa, niliyoyachota nimefumba macho. Urefu sawa, mistari sita, paji lile lile. Kasoro yake ilikuwa moja: mkia wake ulikuwa mzima. Nikachukua wembe, nikamshika ndani ya kitambaa kilicholowa, nikamkata pengo ukubwa wa ukucha. Hakutoa sauti, samaki hawana sauti. Lakini alinitazama.

Maman Imakulata akarudi jioni ile amechoka. Wale watu wa Uvira hawakuwa na habari, walikuwa wamemchanganya na Anselmi mwingine. Aliketi mbele ya tangi. Samaki alikuwa amejificha nyuma ya mawe.

“Amenikasirikia,” akasema. “Juu ya vile nilimwacha peke yake.”

Nikasema labda.

Huenda unadhani jambo liliishia hapo. Nami nilidhani hivyo. Lakini pezi la samaki huota upya, hilo sikulijua. Baada ya wiki chache nikaona pengo linajaa, ukingo wake una ngozi nyembamba kama karatasi ya sigara. Ikabidi nimkate tena. Na tena. Kila pengo likijaa, Maman akienda misa ya Jumapili, mimi naingia na wembe. Nilifanya hivyo mwaka mzima, na mwaka wa pili.

Yule samaki akaacha kujificha. Akahamia kona ya kushoto, uso kuelekea mlango. Hakuna aliyemfundisha. Akaanza kugeuka kufuata sauti ya Maman. Lakini mimi nikiingia, alimwacha Maman akasogea mpaka kwenye kioo, karibu na uso wangu, akasimama hapo akifungua na kufunga mdomo.

“Anakupenda sana, Yasini,” Maman alikuwa akisema. “Ona vile anakuja kwako.”

Na sasa nikueleze kilichokuwa kinapotea, kwa sababu wakati ule sikukiona, nilikuwa nauona wembe wangu tu. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa Mururu, mtu mpole aliyefiwa na mkewe, ana watoto wawili. Alimpenda Maman Imakulata. Alikuja kumposa kwa heshima, na mimi nilikuwapo, nabadilisha maji. Maman alimsikiliza mpaka mwisho, akampa chai, kisha akamwonyesha tangi.

“Mwalimu, uko muntu muzuri. Lakini mume wangu iko muzima. Ona.”

Mwalimu akamtazama samaki, akanitazama mimi, kama anayeomba msaada. Nikainamia ndoo yangu. Alirudi tena baada ya mwaka, akapewa jibu lile lile. Mara ya tatu hakuja. Tulisikia ameoa Bugarama. Siku hiyo Maman aliosha vikombe viwili, akakifuta kimoja kwa muda mrefu sana. Alikuwa bado na umri wa kuzaa ulipoanza uongo wangu. Ulipokwisha, nywele zilikuwa zimeingia mvi pande zote mbili.

Mwaka wa nne, Jumapili moja, nikaingia na wembe kama kawaida. Jua la asubuhi lilikuwa limepenya kitenge cha dirishani, maji yanang'aa. Samaki akaja kwenye kioo kama kawaida. Nikamtoa, nikamfunika kitambaa, nikafunua mkia. Pengo lilikuwa halijaota. Nilikuwa nimepita wiki sita bila kumkata, na ukingo ulikuwa umefunga, laini, mviringo mzuri wa ukucha, kama pengo la tangu utotoni. Kama la yule mwingine.

Labda pezi likikatwa mara nyingi huchoka kuota. Mtu wa shule ameniambia hivyo baadaye. Lakini asubuhi ile sikuwa na mtu wa shule karibu. Nilimrudisha majini, na yeye badala ya kukimbia akageuka, akasimama kwenye kona yake akinitazama. Nikahisi meno yangu yana ladha ya mawese na kitunguu. Nikakimbia mpaka Kamembe bila kufunga mlango.

Mzee Rajabu alikuwa uani akifuta kikatio chake cha almasi. Nilimwambia yote, kuanzia ndoo ya bombani. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye sufuria, aliweka kikatio chini.

“Ile samaki ya Burundi?”

“Ndiyo, Mzee.”

“Yenye ilikuwa inakula sambaza ya hapa? Mu ile mayi ya ziwa?”

Nikaitikia kwa kichwa. Akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, nikamsikia anatapika. Miaka minne ilikuwa imepita, mwanangu, na mzee yule alitapika kama amekula jana. Aliporudi uso wake ulikuwa umesawijika.

“Yasini, umenilisha amana ya muntu. Kila siku naswali na amana ya muntu iko mu tumbo yangu.” Akaketi. “Lakini mie niache. Mie ni muzee, nitatubu. Ule maman umemufanya nini? Ana kilio yake. Mungu alimupa ruhusa ya kulia, weye ukaifungia mu kioo. Bwana yake alimuambia siku gani atamulia, na siku ile ikafika, na weye ukamuficha. Samaki ulikula saa moja. Miaka ya maman ulikula mine.”

Nililia. Hakunibembeleza. Alitawadha, akaswali adhuhuri, kisha akavaa koti lake.

“Tunaenda sasa. Na ukifika, usisimame. Ikala chini, sema ukiwa chini.”

Tulimkuta Maman ametoka misani zamani, mlango uko wazi kama nilivyouacha. Alidhani tumekuja kumsalimu, akaweka maji ya chai. Nikaketi sakafuni, mgongo wangu kwa tangi, kwa sababu sikuweza kusema huku yule samaki ananitazama. Nikasema. Ndoo, bomba, gazeti, Ruhwa, wembe. Nilisema mpaka sauti ikaisha.

Maji ya chai yalichemka yakamwagika jikoni, hakuna aliyeinuka. Maman Imakulata alikuwa anatazama juu ya kichwa changu, mle tangini.

“Na uyu ni nani?” akauliza.

“Sijui, Maman.”

“Miaka mine naongea na uyu. Namupigia hadisi za Anselmi. Nani alikuwa ananisikia?”

Mzee Rajabu alitazama mikono yake. Halafu Maman akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeuliza habari za sokoni:

“Alikuwa mutamu?”

Nilitaka kusema hapana. Nilitaka kusema tulimzika. Mzee Rajabu akanikanyaga mguu.

“Ndiyo, Maman. Alikuwa mtamu sana.”

Akatikisa kichwa. Machozi yakaanza hapo, bila kelele, yakimiminika na yeye akiyaacha. “Watu wenye hawakumujua wamemula,” akasema. “Mie mwenye aliniachia, sijamuonja.”

Akainuka. Alizima kipampu. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Ndipo nilipojua kwamba kwa miaka yote hiyo chumba hakikuwa kimya hata dakika moja. Aliingiza mikono yake yote miwili majini, na samaki hakukimbia. Alikuja mwenyewe kwenye viganja vyake.

Alimkaanga kwa mawese na kitunguu. Sikumwambia kwamba ndivyo tulivyompika wa kwanza. Alipika ugali, akatandika mkeka, akaita majirani wawili, akawaambia: “Mume wangu alikufa. Njooni tukule matanga.” Walimtazama, wakatutazama sisi, wakavua viatu wakaingia. Akagawa samaki vipande. Kipande cha kichwa, chenye lile paji, akakiweka mbele yake. Mzee Rajabu, aliyekuwa ametapika saa mbili tu zilizopita, alinyoosha mkono akala, kwa sababu matanga hayakataliwi. Nami nikala. Maman Imakulata alikula polepole, akanyonya kila mfupa, akilia, na alipomaliza akanawa mikono na kusema, “Kweli, ni mutamu.” Kisha akapiga ukelele wa kufiwa, mmoja mrefu, uliotoka tangu Uvira, na wanawake wote wa mtaa ule wakatoka majumbani mwao kuja kumlilia Anselmi.

Hakunisamehe siku ile. Alinisamehe baada ya siku arobaini, akaniambia mbele ya Mzee Rajabu, kisha akahamia Nyamasheke kwa ndugu wa mama yake, akafungua kibanda cha maandazi. Aliishi vizuri huko, nasikia alicheka sana uzeeni. Hakuolewa. Papa Anselmi hakuonekana kamwe, si yeye wala kaburi lake. Tangi alinirudishia. Nililivunja, nikatumia vioo vyake kwa madirisha, na sijakwambia ni madirisha ya nani wala sitakwambia.

Basi mwanangu, sikukatazi kufuga. Viumbe wagumu wanamfundisha mtu utaratibu, na utaratibu ni kitu kizuri. Lakini kabla hujapokea kitu cha mtu mkononi, muulize ameweka nini ndani yake, kwa sababu watu wa mji huu, baada ya yaliyotupata, wameweka wafu wao ndani ya vitu vidogo vidogo: ndoo, saa, kuku, mti wa parachichi. Wewe unaona samaki, mwenzako anaona mumewe. Ukipewa masharti, yafuate yote, hata yale yanayokutisha. Na yakikushinda, sema yamenishinda, hakuna atakayekuua. Kikifa mikononi mwako, sema siku hiyo hiyo, jua halijazama. Atalia, atakutukana, huenda atakupiga. Mwache. Kilio chake ni mali yake, na wewe huna haki ya kumwekea akiba. Uongo wa huruma unataka kulishwa kila siku, na chakula chake ni miaka ya mtu mwingine.

Niletee vipimo vya sebule yako kesho, nitakukatia vioo mwenyewe, na maji ya ziwa nitakuonyesha pa kuyachota.

Mungu akulindie unachokilinda. Akupe mikono mitulivu na ulimi usioona haya. Waliopotea ng'ambo ya maji haya awapumzishe, na waliobaki wakiwangoja awape kujua, wasingoje bure. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akupe mzee wa kukushika mkono akupeleke mpaka mlangoni. Amina.